Kadi za bonasi za Marekani: pesa iko kweli, lakini benki nayo inahesabu

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Lweba, Mboko na Baraka kuna habari inayorudi kila mara. Ndugu fulani aliyeko Marekani amepewa na benki dola 200, mwingine dola 600, eti kwa sababu tu alichukua kadi. Sauti inatumwa huku, inatumwa kule, na kabla jua halijazama mama anayeuza ndagala amekwisha kupiga hesabu yake: kama benki inagawa pesa kule, kwa nini mtoto wangu anasema hana ya kutuma kwa minervali ya wadogo zake?

Maswali yanatufikia kutoka pande mbili. Walio hapa wanauliza kama pesa hiyo ni ya kweli. Walio kule wanauliza kitu kingine: kwa nini mwenzangu alipewa na mimi nikakataliwa, na nifanye nini ili nipewe? Tumeona bora tueleze jambo lote, maana pande hizi mbili zinagombana kwa kutoelewana, na kuna familia ambazo simu zimekatwa juu ya pesa ambayo hata haijaingia mkononi mwa mtu.

Tuanze na kadi yenyewe. Hapa kwetu pesa inapita mkononi, ao inapita kwenye simu: unaenda kwenye kabini, unatoa M-Pesa ao Airtel Money, unaondoka na noti zako. Pesa ni yako, ilikuwa ndani. Kadi ya kredi haiko hivyo. Ukiingia nayo dukani, anayelipa ni benki. Mwisho wa mwezi benki inakuandikia: ulitumia dola 430, leta. Sheria ya kule ya mwaka 2009 inataka hesabu hiyo itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukirudisha yote kabla ya tarehe hiyo, kwa kadi nyingi hudaiwi riba hata senti. Ukirudisha kidogo, salio linaanza kuzaa, na kwa watu wengi riba ya kadi imepita asilimia 20 kwa mwaka.

Bonasi ya kuingia ni ahadi inayowekwa mbele ili uchukue kadi: nunua vitu vya kiasi fulani ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi mitatu, nasi tutakupa zawadi. Kadi ndogo zisizo na malipo ya mwaka huwa zinasema tumia dola 500, upate 200. Kadi kubwa zinadai utumie dola 4,000 ao 5,000 kwa miezi hiyo mitatu, na zinatoa pointi 60,000 ao zaidi. Pointi 60,000 za benki ya Chase ukizigeuza kuwa pesa ni dola 600. Lakini kadi inayotoa hizo, kama ile inayoitwa Sapphire Preferred, inadai dola 95 kila mwaka. Kwa hiyo ile dola 600 ya kwenye sauti ya WhatsApp ni 505, na ilimlazimu mtu apitishe kwanza maelfu ya dola kwenye kadi.

Kuna jambo lingine ambalo mama wa ndagala hajaambiwa. Mara nyingi bonasi haitoki kama noti. Inaingia kama pointi, ao inapunguza deni la mwezi unaofuata. Mtu alikuwa adaiwe dola 430, sasa anadaiwa 230. Ameokoa 200 kweli, lakini hakuna siku ambayo alizishika.

Na benki inapata wapi hizo pesa? Kwa mwenye duka, ambaye anakatwa kitu kama asilimia 2 ao 3 kwa kila mauzo yanayopita kwenye kadi. Kwa malipo ya mwaka. Na zaidi sana kwa wale wasiorudisha deni lote. Tuseme waziwazi: yule anayelipa riba ndiye anayemlipia bonasi yule anayerudisha deni lake kwa wakati. Benki inajua kwamba kati ya watu kumi wanaokuja kwa ajili ya bonasi, wamo watakaoteleza.

Mara nyingine mahesabu yanaishinda benki yenyewe. Mwezi Agosti 2016 Chase ilileta kadi mpya ya Sapphire Reserve na bonasi ya pointi 100,000. Watu waliikimbilia mpaka chuma cha kutengenezea kadi kikapungua, wengine wakapewa za plastiki kwanza. Mwezi Desemba mkubwa wa benki hiyo, Jamie Dimon, alisema kadi hiyo itapunguza faida ya miezi mitatu ya mwisho ya mwaka kwa dola milioni 200 hadi 300. Mwezi Januari 2017 bonasi ikakatwa nusu.

Ndipo unaelewa kwa nini milango imefungwa-fungwa. Walikuwako watu wanaochukua kadi, wanakula bonasi, wanafunga kadi, wanarudi tena baada ya miezi michache kana kwamba ni wageni. Sisi tunalijua jambo hilo. Kwenye likelemba, mtu aliyekwisha kupokea zamu yake hawezi kurudi kesho na kofia nyingine akapokee tena. Na hapa mtaani tumeona watu wenye kadi SIM nne mfukoni, kila moja ilinunuliwa juu ya mega za bure za siku ya kwanza. Benki za Marekani zimekutana na mchezo uleule, ila zenyewe zina kumbukumbu ndefu.

Deni la ndege

Kabla ya kusema habari ya masharti, tujue ndugu zetu wanaanzia wapi, maana hakuna benki itakayompa mtu kadi ya bonasi kubwa siku anaposhuka kwenye ndege.

Wengi wa watu wa Fizi walioko Marekani walipitia Tanzania. Vita ya 1996 iliwavusha ziwa mpaka Kigoma, wakakaa kambi za Lugufu na Nyarugusu, wengine karibu miaka ishirini, mpaka safari za kwenda Marekani zilipoongezeka, hasa kuanzia 2015. Leo unawasikia Kentucky, Iowa, Texas, Arizona. Kabla ya kupanda ndege walitia sahihi kwenye karatasi ya deni: tiketi yao ililipwa kwa mkopo unaopitia shirika la IOM. Mkopo huo hauna riba, na malipo yanaanza karibu miezi sita baada ya kufika.

Wengi waliuona kama mzigo tu, na kweli ni mzigo kwa baba mwenye watoto saba, maana kila tiketi inahesabiwa. Lakini malipo ya deni hilo yanaripotiwa kwenye ofisi zinazotunza historia ya madeni. Kule kuna kubwa tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kila mtu anapewa alama kati ya 300 na 850, na benki inaangalia alama hiyo kabla ya kusema ndiyo ao hapana. Aliyelipa deni la ndege kila mwezi bila kuruka ameanza kujenga jina. Aliyeliacha kwa kufikiri kwamba ni msaada, jina lake limeanza kuharibika kabla hajashika kadi yoyote.

Asiye na historia anaanza na kadi ya kuweka dhamana: unaiachia benki dola 200 kwa mfano, nayo inakupa kadi ya kutumia mpaka dola 200. Unanunua mafuta ya gari, unalipa yote, unarudia. Baada ya mwaka hivi, kadi nyingine zinaanza kukukubali. Kijana aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe mapato yake mwenyewe ao awe na mtu mzima wa kumdhamini, hiyo nayo imo ndani ya sheria ya 2009.

Kila benki na mlango wake

Sharti linalowashika wengi ni la Chase. Wenyewe hawalitangazi kwenye matangazo yao, lakini tangu 2015 waombaji wamelijua na wamelipa jina: tano kwa ishirini na nne. Maana yake, kama ndani ya miezi 24 iliyopita umefungua kadi tano ao zaidi, za benki yoyote, si za Chase tu, kwa kawaida utakataliwa.

Hapo ndipo ndugu zetu wengi wanajifungia mlango bila kujua. Umeingia duka la nguo, msichana wa kwenye kasa anakwambia: chukua kadi ya duka letu leo, nitakupunguzia asilimia 15. Viatu vya watoto vilikuwa dola 80, umepunguziwa 12. Unafurahi. Duka la vyombo vya nyumba nalo vilevile, na duka la matairi. Ndani ya mwaka mmoja una kadi nne za maduka, na zile zinazoonekana kwenye historia yako zinahesabiwa kama kadi nyingine yoyote. Umeuza nafasi ya dola mia kadhaa kwa dola 12.

American Express inahesabu kwa namna nyingine. Kwa kila aina ya kadi, bonasi ni mara moja maishani. Kama uliwahi kuwa na kadi ile na ukaifunga, bado inakukumbuka. Ila ina uungwana mmoja: ukiomba kwenye intaneti na mfumo wao ukaona hustahili bonasi, tangazo linakutokea kabla ya kumaliza ombi, linakwambia bonasi hutapewa na linakuuliza kama unaendelea. Watu wengi, hasa wanaosoma Kiingereza kwa shida, wanabonyeza tu ndiyo. Hapo ndipo pa kusimama. Na baada ya kupewa bonasi, usiifunge kadi kabla ya miezi 12, maana masharti yao yanawaruhusu kuichukua tena.

Citi inangoja miezi 48 tangu ulipopokea bonasi ya kadi ileile. Bank of America inahesabu hasa kadi zake yenyewe ulizopewa ndani ya miaka miwili. Masharti haya yanabadilika, Chase imeyagusa ya kadi zake za Sapphire tena mwaka 2025, kwa hiyo kinachotawala ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya kadi ile siku unapoomba. Si kile alichokwambia shemeji yako aliyeomba mwaka juzi.

Wanaoyajua wanapitaje

Kupita hapa hatumaanishi kuiba. Yote tutakayosema ni halali, na mtu anaweza kuyafanya mbele ya macho ya benki.

La kwanza ni mpangilio. Kwa sababu Chase inahesabu kadi za kila mtu, na wengine hawahesabu hivyo, wenye ujuzi wanaanza na Chase wakati hesabu yao bado iko chini, kisha ndipo wanakwenda kwa wengine. Wanaacha nafasi ya miezi mitatu ao zaidi kati ya kadi na kadi. Wanaandika kwenye daftari: tarehe ya kukubaliwa, tarehe ya mwisho ya kutimiza kiasi, tarehe bonasi ilipoingia, tarehe ya malipo ya mwaka. Bila daftari hakuna mchezo. Malipo ya mwaka yanapokaribia kurudi, hawafungi kadi haraka; wanaomba benki iigeuze kuwa ile isiyo na malipo, ili miaka ya historia ibaki.

La pili ni mume na mke. Kule kila mtu ana historia yake, ndoa haiziunganishi. Makosa ya kawaida ni mume kuchukua kadi kisha kumwandika mke kama mtumiaji wa pili kwenye kadi ileile. Bonasi inabaki moja, na kadi hiyo inahesabiwa kwenye tano za mke pia, ingawa hakupata kitu. Kama mke ana kazi na alama nzuri, bora aombe kadi yake mwenyewe, miezi kadhaa baadaye. Bonasi zinakuwa mbili. Tena benki nyingi zinampa mteja zawadi akimwalika mwingine, kwa hiyo mume akituma mwaliko na mke akaombea humo, inaingia ya tatu. Kujialika mwenyewe hapana. American Express imewanyang'anya watu pointi juu ya hilo.

La tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, ni kungoja matumizi ambayo yangekuja hata bila kadi. Dola 4,000 kwa miezi mitatu ni karibu 1,333 kwa mwezi. Familia inayolipa chakula, mafuta, simu, umeme na asiransi ya gari inaweza kukaribia hapo bila kununua kitu kipya. Anayejua kwamba mwezi wa sita atalipa asiransi ya miezi sita kwa pamoja, na kwamba gari linataka matairi, anaomba kadi mwezi wa tano. Asiye na matumizi hayo achukue kadi ya dola 500, na hapo hakuna aibu.

Kuna njia moja ambayo watu wetu wanayo kuliko Wamarekani wenyewe: tunachangiana. Msiba ukitokea kule, ukumbi wa mazishi peke yake ni maelfu ya dola, na jamii nzima inachanga. Mmoja mwenye kadi mpya analipa ukumbi kwa kadi, wengine wanamletea michango yao mkononi, naye anaipeleka benki siku ileile. Marehemu amezikwa kwa heshima, bonasi imetimia. Harusi vilevile. Lakini fanya hivyo baada ya michango kuwa mezani, kamwe si kwa ahadi. Sote tunajua majina yanayoandikwa kwenye daftari la matanga na yale yanayofika na pesa si orodha moja. Ikikosekana dola 1,500, deni ni la mwenye kadi peke yake. Na anayekusanya awaambie wenzake mapema kwamba bonasi itabaki kwake ao itaingia kwenye mfuko, maana wakisikia baadaye, msiba unazaa msiba mwingine.

La nne ni la wenye kazi zao ndogo. Mama anayesuka nywele nyumbani kwa malipo, baba anayeendesha taksi ya programu ya simu, dada anayeuza vitenge: hao kwa sheria za kule wana biashara, hata bila kampuni iliyoandikwa. Wanaweza kuomba kadi za biashara, na nyingi kati ya hizo hazionekani kwenye historia ya mtu binafsi, kwa hiyo hazijazi zile tano. Lakini biashara iwepo kweli na mapato yaandikwe yalivyo. Kudanganya mapato kwenye ombi la benki ni kosa la jinai la serikali kuu, na mtu asiye raia bado hana sababu ya kucheza na kitu cha namna hiyo.

Utasikia pia habari za watu waliozungusha pesa bila kununua kitu. Zilikuwako. Ofisi ya serikali inayotengeneza sarafu iliwahi kuuza sarafu za dola moja kwa thamani yake na kuzituma bure. Watu walizinunua kwa kadi kwa ajili ya pointi, kisha wakapeleka maboksi moja kwa moja benki kulipa deni. Mwezi Julai 2011 ofisi hiyo ikakataa kadi. Mume na mke wanaoitwa Anikeev walinunua kadi za zawadi kwa zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2013 na 2014, wakapata zaidi ya dola 300,000 za marejesho, mpaka kesi yao ya kodi ikahukumiwa mwaka 2021. Ni hadithi nzuri ya kusimulia kando ya moto. Siku hizi masharti mengi ya kadi yameandika kabisa kwamba manunuzi ya namna hiyo hayahesabiwi.

Pale simu kutoka Lweba inapoharibu hesabu

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mtu yuko ndani ya miezi yake mitatu. Amepitisha dola 2,200 kati ya 4,000. Simu inalia: baba amelazwa, ao mashine ya mtumbwi imekufa, leta 300. Mshahara haujafika. Anaangalia kadi, anafikiri: nikituma kwa kadi hii, nimesaidia nyumbani na nimesogea kwenye bonasi. Ndege wawili kwa jiwe moja, anaona.

Hapana. Kutuma pesa kwa kadi ya kredi, kupitia kampuni za kutuma pesa, mara nyingi benki haikuhesabu kuwa ni kununua. Inakuhesabu kuwa ni kuchukua noti kwenye kadi. Kwa noti hizo kuna ada yake, mara nyingi asilimia 5 na isipungue dola 10, kwa hiyo kwa 300 ni dola 15 juu ya ada ya kampuni inayotuma. Riba inaanza siku ileile, bila zile siku 21, na mara nyingi ni kubwa kuliko riba ya kawaida. Na hazihesabiwi kwenye bonasi. Akituma mara tatu, yeye anajua amefika dola 4,000. Benki inajua amefika 3,100. Tarehe inapita. Bonasi hakuna, ada 45 ziko, riba iko, na nyumbani kuna watu wanaosema anawaficha dola 600.

Kuna uvumi mpya unaoongeza hatari hii. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inakata kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya nchi kama mtumaji amelipa kwa noti ao hundi za namna ya pesa taslimu. Kwa dola 300 ni dola 3. Anayelipia kutoka akaunti ya benki ao kwa kadi iliyotolewa kule hakatwi. Basi watu wanaambiana: tuma kwa kadi, hakuna kodi. Ni kweli, lakini kadi ziko mbili. Kuna ile inayotoa pesa yako iliyomo kwenye akaunti, na kuna hii ya deni. Ya kwanza inakuokolea zile 3. Ya pili inakuokolea 3 na kukuchukulia 15 na riba.

Na deni lililobaki halina huruma. Dola 4,000 zilizokaa kwenye kadi kwa riba ya asilimia 24 zinazaa karibu dola 80 kwa mwezi. Miezi minane, na ile bonasi ya 600 imeliwa yote na zaidi. Mtu aliyechukua kadi ili apate, sasa analipa, na alama yake inashuka, na mlango wa kadi nyingine unafungwa.

Walio hapa nao wajue mipaka yao. Kadi hizi zinataka anwani ya Marekani na namba ya utambulisho ya kule. Mtu akija Lweba ao Baraka akakwambia leta dola 20 na picha ya kadi yako ya mchaguzi nikufungulie kadi ya bonasi, anataka hizo 20, na pengine anataka jina lako pia. Na wewe uliye kule, usikubali kutumia namba ya mtoto wako mdogo ao ya mjomba aliyerudi Afrika ili upate bonasi nyingine. Mtoto atafikisha miaka 18 akute ana madeni ambayo hakuyala.

Kwa wanaofikiria bonasi kwa ajili ya minervali ya sekondari, mwaka wa shule unaanza Septemba, na hesabu inakwenda kinyumenyume. Pointi huwa zinaingia baada ya kiasi kutimia na mwezi wa hesabu kufungwa, kwa hiyo kiasi kitimie mwishoni mwa Julai. Miezi mitatu nyuma ni mwishoni mwa Aprili, na mara nyingi inahesabiwa tangu siku benki ilipokubali ombi, si siku bahasha ya kadi ilipofika. Aliyekubaliwa tarehe 28 Aprili na kadi ikamfikia tarehe 9 Mei amekwisha kupoteza siku kumi na moja. Ndani ya miezi hiyo, pesa ya kutuma nyumbani itoke kwenye akaunti, na kama akaunti haina kitu, aseme hivyo kwenye simu, naye mama wa ndagala ajue kwamba mtoto hasemi uongo.